Jinsi ya Kupeleka Tumbo Sikukuu

Mwongozo huu ni wa mwanamke ambaye Krismasi itamkuta na mimba ya miezi sita, saba au nane, mwenye nyumba yake Biharwe au Mbarara mjini na wazazi wake katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Tuko wengi. Mimi nilikwenda nikiwa na miezi saba, nikabeba unga, nguo na ushauri wa watu kumi na wawili. Wote walinishauri juu ya mtoto: nisikae kizingitini, nisifunge kitambaa shingoni, nisile nimesimama. Hakuna hata mmoja aliyenishauri juu ya safari. Kwa hiyo nayaweka hapa yale niliyojifunza nikiwa tayari njiani, ili wewe uyajue ungali umekaa kwenye mkeka wako.

Anza na hesabu. Wazee huhesabu mimba kwa miezi na mkunga huihesabu kwa wiki, na mabishano mengi ya Desemba yanatoka hapo: mama anakwambia "una miezi saba tu, njoo," kumbe kadi inasema wiki ya 34. Chukua kadi, tafuta tarehe ya makadirio, hesabu kurudi nyuma mpaka tarehe 25 Desemba, maana tarehe hiyo haisogei hata ukiibembeleza. Ikiwa siku hiyo utakuwa kati ya wiki ya 14 na ya 28, safari ni yako: kichefuchefu kwa wengi kimepungua na tumbo halijawa zito sana. Kati ya 28 na 36, mwone mkunga kwanza, apime presha na mkojo, kisha nenda kwa siku chache. Ukivuka 36, usiende. Wazazi ndio waje, na hilo uliseme Novemba, usingoje mpaka tarehe 23 mama akiwa ameshanunua kuku. Wala usimwambie "sitakuja". Mpigie ukiwa bado kliniki, umpe mkunga simu aseme mwenyewe. Mama anaweza kubishana na binti yake mpaka jogoo awike, lakini sauti ya mkunga ataiitikia "ndiyo, muganga," na mambo yatakwisha hapo.

Sasa mizigo. Kadi ya kliniki iwe juu kabisa mfukoni, kwa sababu muuguzi asiyekujua ataijua damu yako, presha yako na dawa ulizomeza kwa kuisoma hiyo. Chini yake weka kifurushi ambacho Uganda nzima inakiita mama kit: plastiki ya kulalia, glavu, pamba, nyembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni. Kibebe hata kama una miezi sita. Utaambiwa unajitabiria mabaya. Jibu kwamba hata mwenye mwavuli hakuiita mvua. Huduma katika vituo vya serikali Uganda ni bure tangu 2001, ila glavu huweza kuwa zimekwisha siku ya sikukuu, na mtoto hangoji stoo ifunguliwe.

Beba chandarua pia. Nakivale ina ziwa, ziwa lina mbu, na malaria humkuta mwenye mimba kwa ukali zaidi: humla damu, humfanya mtoto azaliwe mwepesi, na mara nyingine humtoa kabla ya wakati. Kama hujameza Fansidar ya mwezi huo, dawa ya kuzuia malaria ambayo hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, imeze kabla ya kusafiri. Anayetumia Septrin kila siku haichanganyi na Fansidar, huyo azungumze na mkunga wake. Vidonge vya kuongeza damu usiviache nyumbani kwa sababu vinakuchafua roho. Vimeze usiku, baada ya chakula.

Kisha fedha. Nauli ya kwenda na kurudi ni jambo moja, na fedha ya dharura ni jambo jingine kabisa. Ifunge kwenye ncha ya kikwembe peke yake: ya boda ya kukutoa kijijini mpaka kituo cha afya, na ya gari la kukutoa hapo mpaka Mbarara saa nane za usiku, bei ambayo dereva anaitaja akiwa bado amelala. Fedha hiyo haina mjomba wala shemeji. Mtu akikuomba soda, mnunulie kwa mfuko mwingine.

Na usifike mikono mitupu. Mwaka 2023 mgao wa chakula cha wakimbizi Uganda uligawanywa kwa makundi kulingana na hali ya kila nyumba, na mwaka 2025 watu wengi zaidi walikatwa kabisa. Nyumba utakayoikuta si ile uliyoiacha ukiwa binti. Sufuria ni lile lile, wanaokula wameongezeka. Peleka unga, mafuta, chumvi, maharage, na sabuni ambayo kila mtu husahau. Lakini usiubebe mzigo huo wewe. Mpeleke mume, mpeleke mdogo wako, au mpe kondakta pesa kidogo apande nao juu ya gari. Nimeona wanawake wa miezi minane wakivuka barabara ya Masaka na mkungu wa matoke kichwani kwa sababu hawakutaka kuonekana wameolewa wakawa wavivu. Hakuna atakayekumbuka mkungu huo mwaka ujao. Mgongo wako utaukumbuka.

Biharwe yenyewe ina habari ya kale inayomfaa msafiri wa aina yako. Tarehe 17 Aprili 1520 jua lilipatwa mchana kweupe. Masimulizi ya Ankole yanasema jeshi la Bunyoro lilikuwa likirudi na ng'ombe wengi liliowateka, na giza lilipoingia ghafla askari walishikwa na hofu wakakimbia, wakawaacha ng'ombe wote hapo. Leo kuna mnara wa ukumbusho wa tukio hilo kando ya barabara kuu, karibu na kituo cha utamaduni cha Igongo, na ukipita kwa gari unauona. Uutazame, ukumbuke jambo moja: wale walikuwa mashujaa wa vita, na walipoona dalili waliacha mali yote wakaokoa roho. Ukiona damu, ukisikia maji yanatoka, kichwa kikikupasuka na macho kuona ukungu, uso na mikono ikivimba ghafla, ukipata homa, au mtoto aliyekuwa akicheza akinyamaza, acha unga, acha kuku, acha begi la vitenge hapo hapo barabarani. Geuza gari. Hakuna mama atakayekulaumu kwa gunia.

Toka nyumbani tarehe 20 au 21, mapema asubuhi. Kuanzia tarehe 23 taksi zinazotoka Kampala hupita Biharwe zimejaa mpaka mlangoni, nauli hupanda kila saa, na dereva anakimbilia safari moja zaidi. Kutoka Biharwe mpaka Mbarara ni kama kilomita 12 tu za lami, lakini kilomita hizo chache juu ya mapaja ya mtu mwingine ni safari ndefu. Ukiweza, lipia viti viwili. Usikae kiti cha nyuma kabisa, maana kila shimo la barabara linaishia hapo. Mkanda upite chini ya tumbo, juu ya nyonga, usikate tumbo katikati. Na kama gari halina mkanda, sema kwa sauti, hata kama abiria wote watageuka. Mbarara ushuke, utembee kidogo, unywe maji, ujisaidie, ndipo upande gari la Isingiro, wilaya yenye kambi. Wengi wetu hatunywi maji njiani kwa kuogopa kutafuta choo. Kiu hiyo huleta maumivu ya tumbo na ugonjwa wa mkojo, nao huweza kuanzisha uchungu kabla ya siku. Kunywa. Dereva atasimama, na asiposimama abiria wanawake watamsimamisha. Hilo nimelishuhudia, na sijawahi kuona umoja wa wanawake ulio imara kuliko ule.

Baada ya mji wa Kabingo lami inakuacha na vumbi linakupokea. Funika pua kwa kikwembe. Kama hatua ya mwisho ni ya boda, chagua dereva mtu mzima, mkubaliane mwendo kabla ya bei, na usikubali mshikaki wa watu watatu. Kama njia imeharibika kwa mvua, shuka utembee hapo palipoharibika. Dereva atakungoja ng'ambo.

Sasa umefika. Kambi hii ilianza kupokea watu mwaka 1958, walipokuja Wanyarwanda waliokimbia, na leo ina zaidi ya watu laki moja na nusu: Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na wengine. Wote watakuwa wamesikia kwamba unakuja. Shuka polepole, kwa sababu tumbo lako halitasalimiwa, litasomwa. Jirani wa kwanza atasema limechongoka, ni mvulana. Wa pili atasema limetandaa, ni msichana. Watu watakugusa bila kuuliza, kisha watakuambia umenona, na dakika hiyo hiyo mwingine atakuambia umekonda. Usigombane nao. Umbo la tumbo hutokana na misuli yako, jinsi mtoto alivyolala na kama ni mimba ya kwanza; halijui jinsia. Lakini waachie wasome. Kwa mguso wa mikono, shika mkono wa mgusaji kwa mikono yako miwili kama unayemsalimia, uushushe pole pole. Ni adabu, na mkono umeondoka.

Hapo ndani kuna jambo nisiloweza kulipita haraka. Tangu Goma, mashariki mwa Kongo, ilipoanguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, nyumba nyingi za Nakivale zimepokea ndugu waliokuja na nguo za mwilini. Utaingia na kukuta baba mdogo ambaye hukumwona miaka kumi, shangazi asiyesema, watoto wawili ambao hakuna anayekueleza vizuri ni wa nani. Kitanda ni kimoja. Watakupa wewe. Utasema hapana, mama atasema ndiyo, na mtabishana mlangoni huku shangazi tayari ametandika mkeka wake chini. Kubali kitanda. Lala ubavu, wa kushoto ukiweza, weka nguo iliyokunjwa chini ya tumbo, ufunge chandarua chako na uwaite wale watoto wawili walale ndani yake pamoja nawe. Hiyo ndiyo njia niliyoiona ya kupokea heshima na kuirudisha usiku huo huo. Kila nyumba iliyopoteza watu humhesabu mtoto wako kabla hajazaliwa, na kitanda hicho wamempa yeye.

Ndiyo maana atakuwa na majina matatu kabla ya chakula cha jioni. Babu atataka jina la kaka yake aliyebaki Fizi, Kongo. Mama atataka la mama yake. Mtu mmoja, kwa sauti ya chini, atataja jina la mtoto ambaye hakufika. Usicheke, na usiahidi. Sema, "Nimelisikia, nitalipeleka kwa baba yake." Hapo hakuna aliyekataliwa. Halafu nenda ukaliandike kwenye daftari kweli, kwa sababu wanaoomba jina hukumbuka. Na mtoto akizaliwa mwandikishe mapema, kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye karatasi ya familia kama wewe bado ni mkimbizi. Jina lisiloandikwa halipati mgao.

Chakula cha Nakivale hakitakudhuru kikiwa cha moto: bugali, sombe (majani ya muhogo), ndagala (dagaa), maharage. Kula ndagala nzimanzima, ni nzuri kwa mifupa yako na ya mtoto. Ukiambiwa usile yai, kwa kuwa zamani katika sehemu nyingi za nchi hizi mwanamke hakula kuku wala mayai, mwombe mama akuchemshie mpaka liive kabisa, ulile jikoni pamoja naye. Kinachohitaji kichwa kigumu ni dawa. Ataletwa bibi mwenye kikombe, na kikombe kitakuwa na majani ya kulainisha njia au kuharakisha uchungu. Bibi huyo anakupenda, na majani yake yana nguvu kweli. Watafiti wa Makerere walichapisha mwaka 2007 orodha ya makumi ya mimea inayotumiwa magharibi mwa Uganda kuanzisha uchungu, na hatari ni hiyo hiyo nguvu: kipimo hakijulikani, na mji wa mimba ukikazwa kupita kiasi unaweza kupasuka. Udongo wa kutafuna nao huweza kubeba mayai ya minyoo na madini ya risasi. Pokea kikombe kwa mikono miwili, umwambie bibi, "Nakuheshimu, na mkunga amenikataza kuchanganya dawa." Kisha mwombe akukande miguu. Ataweka kikombe chini, maana mikono yake ina kazi, na miguu yako itapona kweli.

Sasa sikiliza hapa kuliko popote. Wataalamu wa uzazi husema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, kuchelewa kuhudumiwa. Sikukuu huzidisha zote tatu. Anayeamua yuko kanisani kwenye mkesha. Mwenye gari amekunywa pombe ya kasiksi tangu mchana. Kituoni wauguzi ni wachache kwa sababu na wao wana mama zao. Kwa hiyo siku ya kwanza tu, kabla ya kuonja chochote, fanya mambo matatu. Waambie wazazi, mbele ya mume wako au naye akiwa kwenye simu, kwamba dalili ikitokea utaondoka bila kungoja ruhusa ya mtu. Liseme taratibu, lakini wote wasikie. Pili, tafuta dereva wa boda asiyekunywa, wa kanisa la Wasabato au Mwislamu wa upande wa Wasomali, umlipe kidogo kwa kulala na simu imewashwa. Tatu, nenda mwenyewe mchana ukakione kituo cha afya kilicho karibu: Nakivale, Juru au Rubondo, kutegemea wazazi wako wanakaa upande gani. Ujue mlango wa wodi ya wazazi uko wapi na nani yuko zamu.

Ujue pia ngazi. Katika mpangilio wa afya wa Uganda, kituo cha daraja la tatu huzalisha lakini hakina chumba cha upasuaji. Daraja la nne ndilo linalotakiwa kuwa nacho. Juu yake ni hospitali, na ya kwetu ni ile ya rufaa ya Mbarara. Mtoto aliyekaa vibaya, presha iliyopanda, kovu la upasuaji wa zamani, mapacha: yeyote kati ya hao asilale mbali na chumba cha upasuaji akishafika wiki za mwisho. Mimi usiku wa tarehe 26 tumbo lilikaza kila baada ya muda mfupi, nikanyamaza saa tatu nzima kwa sababu watu walikuwa wakiimba na sikutaka kuwaharibia. Shangazi asiyesema ndiye aliyeniona. Alinishika mkono, akanitoa nje, akamwamsha dereva. Ilikuwa kiu na uchovu, nikapewa maji nikapumzishwa. Lakini saa zile tatu nilizonyamaza bado zinanitia baridi.

Mwaka Mpya, kama ulivyo utaratibu wa wengi wetu, ni zamu ya wakwe Biharwe. Hapo hakuna mabishano ya kitanda, na hatari inakuja katika chombo kizuri. Nyumba ya Mnyankole haikaribishi mgeni bila maziwa, na ekyanzi, kile chombo cha mti kilichofukizwa moshi, ndani yake maziwa yana harufu nitakayoipenda mpaka nife. Yakiwa mabichi, usiyanywe. Huku kwenye ng'ombe wengi kuna brusela, homa inayokuja na kuondoka na kuuma viungo, ambayo watu huifananisha na malaria, nayo huweza kuharibu mimba. Siagi ya eshabwe nayo uulize imetoka kwenye maziwa gani, na uji wa bushera uliokaa siku nyingi umeshakuwa pombe. Lakini usikatae maziwa katika nyumba ile, ni kama kukataa mkono. Omba chai. Chai ya Ankole ni maziwa yaliyochemka na majani kidogo, na mama mkwe ataipika kwa furaha, mara mbili kwa siku, akidhani mtoto wako tayari ana ladha ya kwao.

Rudi nyumbani mapema, usingoje watoto wafungue shule, kisha ndani ya wiki hiyo uende kliniki. Uganda inafuata hesabu ya mahudhurio manane kwa mimba moja, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2016, na sikukuu huwa inakula moja bila mtu kutambua. Nenda ukalilipe.

Na wewe mwenyeji, mama, mama mkwe, shangazi, unayengoja mgeni mwenye tumbo Desemba hii: usimwulize atazaa nini. Mwulize kadi yake iko wapi, na chemsha maziwa kabla hajafika.